Kulala Hoteli Kubwa na Kandambili za Rangi Mbili

Kwanza tuondoe uongo. Sikuanguka kitandani. Sikulia katikati ya ziwa. Na hakuna bibi wa Kihindi aliyetaka kunioa. Hayo yote ni maneno ya Yaya Feliste, dada yangu mkubwa, ambaye hakuwepo. Nyinyi wa pale kwa muuza kahawa mumeniuliza kila mmoja kwa saa yake, na mimi kila mara nasimulia kipande kingine, mpaka safari moja imekuwa tatu. Sasa naiandika yote. Atakayeniuliza tena, nitampa karatasi na kuendelea na kahawa yangu.

Munanijua mimi Ngabu. Ni mtu wa kukaa. Nilizaliwa hapa Bunia, katika parsele, kiwanja cha mama yangu, Mama Roza, ndani ya nyumba yake ya wageni: vyumba vitano, choo nyuma, maji ya kuoga kwenye ndoo. Nikasoma mpaka diplome, kisha nikarudi kukaa mbele ya mlango uleule, diplome ukutani. Madereva wa malori, wachimba dhahabu wa Nizi, watu wanaopeleka mgonjwa Nyankunde, wote wamelala kwetu, na ni mimi niliyewabebea mizigo na kuwachemshia maji. Mwenyewe sikuwahi kulala kwa watu hata usiku mmoja. Mpishi ambaye hajakaa mezani, ndiye mimi.

Hilo halikunizuia kuwa mtaalamu. Mgeni mmoja alisahau kwetu jarida la Kifaransa lenye picha za hoteli kubwa za dunia. Ya Paris, inayowaka taa kama nyumba yenye harusi kila siku. Ya Venisi, ambako mgeni anashushwa mlangoni kwa mtumbwi. Ya Misri inayotazama mto Nili. Ya Singapuri yenye feni ndefu kwenye dari. Na moja ya Nairobi, ya zamani, yenye veranda ya mawe na bustani ndani yake. Nimelisoma mpaka kurasa zimelegea kama chapati ya jana. Ndiyo maana munaniita Minisitri wa Hoteli.

Jarida hilo lilitoka kwenye kabati la Mama, na kabati hilo lazima mulijue. Kila kitu ambacho mgeni anasahau, Mama anakiweka humo. Miwani. Kiatu kimoja cha kushoto. Mwavuli. Kofia ya dereva. Biblia ya lugha ambayo hakuna mtu mtaani anayeijua. Yaya analiita jalala. Mama hataki liguswe. "Mutu mwenye aliacha kitu," anasema, "hayaenda bado."

Sasa, miaka ya nyuma alikuja kwetu fundi wa antena kutoka Kenya, Bwana Otieno. Barabara zikafungwa, naye akashikwa na malaria kali. Mama akampikia uji, mimi nikakaa kando ya kitanda, na kwa kuwa sikuwa na habari nyingine za kumpa mgonjwa, nikawa namsimulia zile hoteli, moja baada ya nyingine, mpaka anasinzia. Alipopona akasema, "Ngabu, siku moja utalala katika mojawapo. Mimi ndiye nitakayekulaza." Tukacheka. Mwaka huu akapiga simu: chumba kipo, usiku mmoja, Nairobi, mlete Mama. Miguu ya Mama ikakataa. Nikabaki mimi.

Ningekataa pia. Lakini Yaya alikuwa na jambo lake. Nyumba yetu ilikuwa imetafutiwa mnunuzi, tajiri wa sima, saruji ya kujengea, aliyetaka kuibomoa aweke depo ya mifuko yake. Mama hakutaka. Yaya, ambaye ndiye anayelipia mabati kila yanapopeperuka, alikuwa amechoka. Akaniita mbele ya Mama.

"Ngabu, sikia muzuri. Vyumba viko naanguka. Wageni banaenda kule kwenye iko grupe ya kuwasha taa na televizyo. Weye kila siku, hoteli, hoteli. Haya, enda uone na macho yako. Ukirudi uniambie kitu moja, moja tu, yenye inafanya batu barudie mu ile nyumba miaka na miaka, na yenye siye pia tunaweza kuwa nayo. Ukiniletea habari ya marmari, nasinya karatasi ya kuuza. Ukiniletea habari ya asansere ya kupandisha batu juu, nasinya."

Mama alinitazama tu, kama mtu anayemtazama kuku aliyetumwa sokoni.

Bunia hadi Kasenyi: kushuka

Niliondoka alfajiri, kuran ya umeme haipo, nikapakia begi gizani kwa kupapasa. Mama akaniwekea juu ya kila kitu jibini zima la Djugu, fromaji ya mviringo, nzito kama jiwe la kusagia.

"Hii ni ya mwenye nyumba," akasema.

"Mama, ile ni hoteli kubwa. Haiko nyumba ya mutu."

"Kila nyumba iko na mwenyewe. Hauwezi kulala kwa mutu mikono mutupu kama mwizi. Umusalimie, umuambie ni Mama Roza wa Bunia."

Basi nikapanda moto, pikipiki ya abiria, na fromaji mgongoni. Motari alikuwa mtu wa maneno mengi, na baada ya Bogoro, pale barabara inapoanza kuteremka kuelekea ziwani, maneno yakamwisha ghafla: lori la mihogo lilikuwa limelala kwa ubavu katika kona, limeziba njia nzima kama mlevi mlangoni. Tukangoja. Jua likapanda. Watu wakazidi kukusanyika, na mimi, bila kujua nafanya nini, nikaanza kazi. Nikawatafutia wamama mahali pa kivuli. Nikasogeza mawe yawe viti. Nikamwuliza mzee mmoja kama ameshapata maji.

"Weye ni nani hapa?" akaniuliza mzee.

"Ni musafiri tu, papa."

"Basi kaa chini, usafiri!"

Nikakaa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko ile ya mawe.

Tulifika Kasenyi lori lilipovutwa, mimi na vumbi rangi moja. Nikafungua begi nivae kandambili, miguu ipumue. Ya kulia ilikuwa ya bluu, yangu. Ya kushoto ilikuwa ya kijani, na ndogo. Kisigino changu kilining'inia nyuma kama mtoto juu ya mbao ya baiskeli. Nikaijua mara moja. Ilikuwa ya Yaya.

Kasenyi hadi Ntoroko: ziwa

Boti ya kuvuka kwenda Uganda haikuondoka. Upepo, wakasema. Nikatazama ziwa, sikuona upepo, nikaona maji tu, lakini maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona, na mimi ni mtu ninayepima maji kwa ndoo.

Mama mmoja muuza samaki, mnene, mwenye kicheko cha kusikika mbali, alinionea huruma. Akanipa samaki wa kukaanga na bugali ya moto, akakaa kunitazama.

"Haukuonaka ziwa?"

"Naiona leo."

"Mutu muzima hivi! Na uko mutu ya Bunia, hapa karibu! Ulikuwa wapi siku zote?"

"Nyumbani."

"Nyumbani ulikuwa nafanya nini?"

"Nilikuwa nangoja wageni."

Akacheka mpaka akashika tumbo. Kisha akapanua pua. "Papa, ndani ya begi yako kuna kitu imekufa."

"Ni fromaji."

"Inaenda wapi?"

"Hotelini. Nairobi."

Akawaita wenzake wote waje waone mtu anayepeleka fromaji hotelini Nairobi. Wakaja. Wakanusa. Mmoja akasema kama hoteli ile haina chakula, nirudi tu, kwao kuna samaki.

Upepo ulipotulia tukaondoka. Katikati ya ziwa injini ikazima. Hapo ndipo penye uongo wa Yaya. Sikulia. Maji yalirukia ndani ya boti, yakanipiga usoni, uso ukalowa. Ni kweli nilikuwa nimefumba macho na kumshika mkono mtu nisiyemjua. Ni kweli pia kwamba mtu huyo alikuwa mama yule wa samaki, naye aliniambia, "Lia tu, papa, hakuna mutu anakujua hapa." Lakini sikulia.

Ntoroko hadi Kampala: kitanda cha kwanza

Upande wa Uganda nilipata gari hadi Fort Portal, nikafika jioni, viungo vyote vikinidai. Nikalala katika nyumba ndogo ya wageni, safi, ya bwana mmoja mpole aliyejua Kiswahili kidogo. Ulikuwa usiku wangu wa kwanza kulala kwa watu.

Asubuhi mwili uliamka saa zake. Nikatandika kitanda. Nikafagia chumba. Kwa kuwa ufagio ulikuwa bado mkononi, nikafagia na ukumbi, halafu uwanja, halafu nikawasha jiko nyuma na kuteka maji. Mwenye nyumba alipotoka na taulo begani, alinikuta nachochea moto wake.

"Bwana," akasema taratibu, "mimi nimekukosea?"

"Hapana, papa."

"Chumba kilikuwa kichafu?"

"Hapana! Ni mazoea tu."

Akanitafakari. Kisha akaniuliza kama ninatafuta kazi. Nikamwambia hapana, naenda kulala hoteli kubwa Nairobi. Nilikuwa nimeshika ufagio wake, nimevaa kandambili ya bluu na ya kijani. Alinipa chai bila kuuliza tena, kwa ile heshima ambayo watu huwapa wagonjwa wa kichwa.

Njiani kuelekea Kampala, Yaya akapiga simu.

"Ngabu. Kandambili yangu ya kushoto iko wapi?"

"Yaya, njia ni muzuri, namushukuru Mungu."

"Sikukuuliza njia. Niko naenda chooni na mguu moja ndani ya kandambili na moja ndani ya kiatu ya kanisa."

"Nitairudisha."

"Tajiri alikuja jana. Nilimuambia angoje mpaka unarudia. Na kandambili yangu irudie pia."

Nikakata simu nikiwa na njaa ya ghafla. Nikanunua chapati iliyokunjiwa mayai kando ya barabara, nikala mbili. Huwa nafikiri vizuri zaidi mdomo ukiwa na kazi, lakini siku hiyo nilifikiri kitu kimoja tu: marmari na asansere ndivyo vitu vyote ninavyovijua kuhusu hoteli kubwa.

Kampala hadi Nairobi: faida ya fromaji

Juu ya sehemu hii sina mengi, ila ushauri. Ukitaka kusafiri kwa raha ndani ya basi, beba fromaji ya Djugu iliyokwisha kuvuka ziwa. Kufika mpakani Busia nilikuwa na kiti changu, cha jirani, na viwili vya nyuma. Nililala nimejinyoosha kama chifu. Bibi mmoja wa Kenya peke yake hakuhama, akaniambia ana mafua.

Nairobi: ndani ya nyumba ya watu

Bwana Otieno alinipokea kituoni. Amenenepa, ana mvi, kicheko ni kilekile. Akanikumbatia, akarudi nyuma hatua moja, akanitazama begi.

"Ndugu yangu, umebeba nini?"

"Salamu za Mama kwa mwenye hoteli."

Hakucheka. Alikunywa uji wa Mama, huyo. Anajua Mama hachekwi. Akanipeleka mpaka nje ya geti, akasema Mama hakuja, kwa hiyo chumba kimeandikwa cha mtu mmoja, yeye atakuja asubuhi tunywe chai pamoja.

Jina la hoteli silitaji, wasije wakasema ninawafanyia matangazo. Lakini ilikuwa ileile ya jarida: veranda ya mawe, miti mikubwa, maua yaliyochanwa nywele. Mlangoni alisimama mzee mwenye koti refu na vifungo vya kung'aa. Akanifungulia mlango, akasema, "Karibu." Mimi nikaushika ule mlango nikasema, "Karibu wewe kwanza, papa." Akasema, "Hapana, karibu." Tulikaribishana pale mpaka nyuma yetu pakawa na foleni.

Nyuma yangu kabisa alikuwa bibi mmoja wa Kihindi, mfupi, nywele nyeupe, na valizi kubwa kuliko yeye. Mikono yangu haikuniuliza. Ikaichukua.

"Asante, kijana," akasema bila kunitazama. "Na hiyo ndogo pia."

Nikabeba na ndogo. Nikamfuata mpaka mapokezi, nikamfuata kwenye asansere (ndiyo, Yaya, ipo), nikamfuata mpaka chumbani, nikaweka valizi vizuri, nikafungua pazia, nikamwuliza kama anaoga maji ya moto sasa au baadaye. Hapo akanitazama, kuanzia juu. Alipofika miguuni, kwenye bluu na kijani, akakaa kitandani na kuanza kutikisika. Nilidhani anaumwa. Alikuwa anacheka.

"Wewe si mfanyakazi wa hapa."

"Hapana, mama. Ni mgeni. Natoka Bunia, Kongo."

"Kwa nini hukusema?"

"Hukuniuliza, mama. Na mzigo ulikuwa mzito."

Akanipa pipi ya mnanaa. Jina lake Mama Shirin, mjane, wa Kisumu. Hapo ndipo Yaya alipopata ile habari ya kuoana. Pipi moja tu!

Nikarudi mapokezi na fromaji. Dada wa mapokezi alikuwa na sauti ya upole sana.

"Naomba kumsalimia mwenye nyumba," nikamwambia.

"Mwenye hoteli?"

"Huyo. Nimemletea zawadi ya mama yangu."

Akafikiri. "Ni kampuni, bwana."

"Sawa. Nani baba wa kampuni?"

"Iko na wenye hisa. Wako wengi. Wengine wako ng'ambo."

"Hakuna mmoja anayelala hapa?"

"Hapana, bwana."

Nikasimama na fromaji yangu kifuani. Nyumba kubwa namna ile, na haina mtu wa kumwambia nimefika. Niliwaonea huruma.

Chumba sasa. Kitanda kilikuwa na mito mingi hata nikafikiri familia nyingine inakuja. Nikasubiri kidogo. Hawakuja. Nikagusa kila kitu, kwa niaba ya Mama. Marmari: ipo. Taulo: nene, unaweza kumfunga nazo ndama. Maji ya moto: yanatoka ukutani yenyewe, hakuna mtu aliyeyachemsha, hakuna wa kumshukuru. Nikatafuta kitu kimoja cha kumpelekea Yaya, kitu ambacho sisi tunaweza kuwa nacho. Nikafungua droo, nikachungulia chini ya kitanda. Kila kitu kilichokuwa kizuri kilikuwa kile ambacho hatutakipata hata tukiuza nyumba yenyewe. Nililala nikiwaza depo ya sima mahali pa kitanda cha mama yangu. Na sikuanguka. Niliteremka mwenyewe nikalala kwenye zulia, kwa sababu godoro lilikuwa linanimeza.

Kulipokucha nikatandika kitanda ambacho sikukilalia, nikatoka kwenye ukumbi. Na hapo nikaona jambo la aibu. Mbele ya mlango wa jirani, chini, sakafuni, kuna sinia: sahani, kikombe, nusu ya mkate, yai. Chakula cha mgeni, chini, kama cha mbwa! Kwetu ukifanya hivyo Mama anakufukuza kazi hata kama ni wewe mtoto wake. Nikaliokota sinia, nikaungua kwa aibu kwa niaba ya hoteli nzima, nikabisha hodi.

Akafungua mzungu mrefu, nywele zimesimama, shuka kiunoni.

"Samahani sana," nikamwambia kwa Kifaransa changu chote. "Wamekuwekea chini. Shika, kula kabla hakijapoa zaidi."

Akaangalia sinia. Akaniangalia. Akalichukua polepole, akafunga mlango. Baadaye Bwana Otieno alinieleza kwamba ndivyo wanavyofanya: mgeni akimaliza kula, anatoa vyombo nje. Yule mzungu nilikuwa nimemrudishia makombo yake. Nilimwona tena wakati wa chai. Aliinamisha kichwa kwa heshima, akahama meza.

Mama Shirin yeye aliniita mezani kwake, kwenye veranda. Bwana Otieno akafika, tukawa watatu. Nikaweka fromaji katikati ya meza, nikawaeleza kwamba imekosa mwenyewe.

"Mama," nikamwuliza Mama Shirin, "wewe unakuja hapa tangu lini?"

"Tangu nilipoolewa. Mume wangu alinileta hapa tukiwa vijana. Sasa nakuja peke yangu, kila mwaka."

"Basi wewe ndiye mwenye nyumba. Kula, tafadhali. Ni Mama Roza wa Bunia anakusalimia."

Aliikata, akaonja, akafumba macho. Akakata tena. Mhudumu alikuja kuuliza harufu inatoka wapi, akaondoka na kipande kikubwa cha kumpelekea mpishi.

Nikaona ndiyo saa yangu. Nikamweleza habari ya Yaya, ya tajiri, ya nyumba. "Mama, niambie kitu kimoja. Ni nini kinakurudisha? Ni kitanda?"

"Kitanda changu cha Kisumu ni bora."

"Chakula?"

"Pilau yao ni ya hospitali."

"Basi ni nini?"

Akaita mhudumu mwingine, akamnong'oneza. Yule akaenda, akarudi na mfuko wa karatasi, na ndani yake mtandio wa zambarau, umekunjwa, umepigwa pasi.

"Mwaka jana niliusahau," akasema Mama Shirin. "Mwaka juzi kitana. Mara ya kwanza kabisa alisahau mume wangu, fimbo yake. Tulipofika mwaka uliofuata, wakatuletea mlangoni kabla hatujasema majina. Mume wangu alisema: Shirin, hapa bado tupo. Tangu siku hiyo, kila nikiondoka naacha kitu. Hawajawahi kukitupa hata kimoja." Akaonyesha kwa kidole ndani ya ukumbi. "Na vya wakubwa wanaviweka pale."

Nikaenda kutazama. Kabati. Kabati la mbao lenye kioo na taa ndogo, na ndani yake vitu vya wageni maarufu waliowahi kulala pale: kofia iliyochakaa, miwani, glavu moja, mwavuli. Glavu moja! Nilisimama mbele ya kioo kile mpaka mlinzi akaja kusimama karibu. Kitu pekee ambacho sisi hatukuwa nacho kilikuwa kioo.

Niliporudi mezani, Bwana Otieno alikuwa anazungusha kijiko.

"Ngabu, nilikuwa naona haya kuuliza. Redio yangu ndogo. Niliiacha kwenu nilipokuwa mgonjwa. Ilikuwa ya marehemu baba. Najua miaka imepita..."

"Iko kwenye kabati," nikamwambia. "Rafu ya pili. Mama aliitoa betri zisije zikavuja."

Bwana Otieno alifuta miwani yake, akaivaa, akaifuta tena.

"Basi," akasema, "itabidi nije niichukue."

Kurudi

Kurudi kulikuwa kama kwenda, ila bila fromaji, kwa hiyo kwenye basi nilibanwa kama kila mtu. Kasenyi yule mama wa samaki aliniuliza kama hotelini waliila. Nikamwambia walinyang'anyana. Hakuamini, lakini alinipa samaki wa kumpelekea Mama.

Nilipofika nyumbani, tajiri wa sima alikuwa amekaa uwanjani kwetu kwenye kiti kizuri, Yaya kando yake, Mama mlangoni na mikono magotini. Sikupewa hata maji.

"Basi, Minisitri?" akasema Yaya. "Iko na nini?"

Nikasimulia. Mtandio, fimbo, glavu, redio ya Otieno. Tajiri akaanza kucheka na Yaya akamfuata.

"Batu barudie ju ya jalala! Ngabu, nilikutuma mbali hivi unirudie na jalala ya Mama?"

Likisemwa hivyo, kwa kweli lilikuwa jalala. Mama aliangalia chini. Na hapo simu yangu ikaita, namba ya Kenya. Nikabonyeza pabaya, sauti ikatoka kwa wote.

"Bwana Ngabu? Ni hapa hotelini." Ni yule dada wa mapokezi, na upole wake. "Umefika salama? Tumepata kandambili zako kwenye zulia chumbani. Moja ya bluu, moja ya kijani. Ni zako zote mbili?"

Nilitazama miguu yangu, ndani ya viatu tangu Nairobi. Haki ya Mungu sikujua.

"Tunaweza kuzituma," akaendelea, "ama tukuwekee mpaka utakaporudi?"

Sijawahi kuona mtu akiinuka haraka kama Yaya. Nilijua anakuja kunipiga, nikainama. Alichukua simu.

"Dada," akasema, "ile ya kijani iko yangu."

"Pole sana, mama. Tukutumie?"

Yaya alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika kikombe cha moto, na uso wake ulikuwa umeanza kufanya kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu tukiwa watoto.

"Muko naweka kweli? Kandambili? Ata ya mutu haumujue?"

"Tunaweka, mama. Kwenye mfuko, na jina. Ni la nani niandike?"

"Andika Feliste," akasema. "Feliste wa kwa Mama Roza, Bunia." Halafu, polepole: "Muiweke. Nitakuja mi mwenyewe."

Akanirudishia simu. Akamgeukia tajiri, akamwambia kwa adabu yote kwamba depo atafute fasi ingine, na kwamba kiti alichokalia ni cha wageni wa kulala.

Ndiyo hivyo. Munasema niliziacha makusudi; sikuziacha makusudi, mimi sina akili hiyo, munanijua. Fundi amekuja kuweka kioo kwenye kabati. Yaya mwenyewe ndiye aliyepangusa kila kitu, huku akinilaumu kwa vumbi. Redio ya Otieno iko katikati, inamngoja mwenyewe. Na kando yake, rafu hiyohiyo, Yaya ameweka kandambili moja ya kijani, ya kulia. Wageni wakiuliza ni ya nani, anawajibu kwamba mwenzake yuko safarini.